Lich, Butwaa na Nduru: Historia ya Mshtuko Nyanza Kusini

Lango la Thimlich Ohinga haliingiwi kwa kusimama wima. Mtu mzima huinama, akakunja mgongo, akatanguliza kichwa, na akishainuka anajikuta amezungukwa na mawe makavu yaliyopangwa juu ya mawe bila udongo wala chokaa. Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita 1. Waliozijenga walijua walichokuwa wakikifanya. Adui anayeingia kichwa mbele hawezi kurusha mkuki, na mlinzi aliye ndani huiona shingo yake kabla ya kuuona uso. Nimeinama langoni hapo mara kadhaa, na kila mara nimenyamaza bila kuambiwa na mtu.

Ngome hiyo iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ya vilima, mawe na mitupa. Inadhaniwa ilijengwa karne ya 16, na si Waluo walioweka jiwe la kwanza. Palikuwa na jamii za Kibantu kabla yao. Waluo walipofika waliyakuta maboma, wakayatengeneza yalipobomoka, wakaongeza yao, na vizazi vikapokezana kuta zilezile hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nyanza Kusini yote ya zamani ina sehemu 138 zilizohesabiwa, zenye maboma 521 ya namna hii, na Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote. Mwaka 1981 ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, ikawa ya 7 kutoka Kenya.

Lakini mimi si mtu wa mawe, ni mtu wa maneno, na kilichonivuta huko ni jina. 'Thim' kwa Dholuo ni pori, mahali pasipo makazi ya watu. 'Ohinga' ni boma la mawe, kimbilio. Katikati yao limekaa neno fupi sana, 'lich'. Hilo ni neno la sifa: la kutisha, la kuogofya, la kumfanya mtu asimame ghafla na vinyweleo vimsimame. Thimlich basi ni pori la kutisha, msitu mzito ambao mtu haukatizi peke yake. Msitu wenyewe umepungua siku hizi. Sifa yake ndiyo iliyobaki.

Nililikumbuka neno hilo darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea tafsiri ya habari fupi ya Kiingereza kuhusu kifo cha Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi mwaka 1969. Sentensi moja ilisema kwamba watu wa kwao, kisiwani Rusinga, waliposikia, walikuwa 'aghast'. Binti alitafuta neno, akaandika: watu wa Rusinga walishangaa. Nilishika kalamu nyekundu nikaiweka chini tena, kwa sababu nilijua alichoandika hakitoshi na bado sikuwa na cha kuandika juu yake. Kushangaa! Mtu hushangaa bei ya nyanya soko la Sori. Mtu hushangaa mvua ya Januari. Tumelitumikisha neno hilo kwa kila jambo, kubwa na dogo, mpaka siku ya msiba tunalikuta halina nguvu ya kubeba jeneza.

Basi nilianza kulifuatilia neno la Kiingereza mpaka kwao. 'Aghast' limezaliwa na kitenzi cha kale kilichomaanisha kutia hofu, na kitenzi hicho ni cha ukoo mmoja na 'ghost', yaani roho au mzuka. Ile herufi h iliyomo ndani yake ilitiwa baadaye kwa kufuata tahajia ya mzuka huyo. Mtu aliye katika hali hiyo, kwa asili ya neno, ni mtu aliyetokewa. Ameona kisicho cha dunia hii na kinywa kimebaki wazi. Lina ndugu yake, 'appalled', lililotoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa kupauka, damu kukimbia usoni. Lilitungwa na watu ambao hofu yao huonekana kwa rangi. Huku ufukweni mwa ziwa hofu huonekana kwa mikono inayopanda kichwani. Na kuna 'awful', ambalo zamani lilikuwa sawasawa na lich: lenye kujaa kicho, likisemwa juu ya radi, juu ya bahari, juu ya Mungu. Kufikia karne ya 19 lilikuwa limeanza kuchakaa, na leo Waingereza hulitumia hata kwa chai iliyopoa. Kumbe maradhi ya kushangaa si yetu peke yetu.

Kiswahili chenyewe hakikupita njia hiyo. Vivumishi vyetu vya asili ni vichache, na mshtuko hatukuufanya kuwa sifa ya mtu. Tumeufanya kuwa kitu kinachomjia kutoka nje na kumtenda. Mtu hupigwa na butwaa. Hushikwa na bumbuwazi. Huingiwa na fadhaa. Hupatwa na kihoro. Vitenzi vyote hivyo viko katika kauli ya kutendwa, na mwenye kupigwa hana la kufanya ila kupokea. Tena havifanani. Kwa jinsi ninavyovisikia mimi, butwaa ni ile dakika ya kwanza, kikombe kikiwa bado mkononi. Bumbuwazi ni baadaye, mtu ameketi anatazama asichokiona. Fadhaa haikai kitako, huzunguka uani, ikashika hiki na kuacha kile. Kihoro ndicho kinachobaki wageni wakishaondoka na sufuria za kuazima zikisharudishwa kwa wenyewe.

Dholuo nacho kina mpango wake. Lich halimkai mtu, hukaa kwenye jambo lenyewe. Pori ndilo lich, habari ndiyo lich. Mtu aliyeipokea habari hiyo yeye hupiga nduru, ule ukelele mrefu wa kuita majirani, unaotoka boma moja na kudakwa na boma la pili kabla haujaisha. Wakenya wote wanalijua neno nduru na wanalitumia katika Kiswahili chao. Huku ziwani nduru ilikuwa barua ya msiba kabla ya barua.

Maneno haya ya nasaba tatu yalikutana mapema karne iliyopita. Waingereza walikuwa na kituo Karungu, kwenye ufuko ulio Migori ya leo, kabla ya kuhamishia boma lao Kisii mwaka 1907. Serikali hata hivyo ilihitaji maneno machache tu: kodi, askari, barabara. Waliohitaji maneno ya hofu na kicho ni wamisionari. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mwadventista kutoka Kanada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo, pamoja na Peter Nyambo wa kutoka Nyasaland. Carscallen alijifunza Dholuo, akaandika sarufi yake, moja ya zile za mwanzo kabisa, na mtambo wa kuchapia ukaletwa hapo misheni. Naifikiria mara nyingi meza ile ya kutafsiria. Biblia ya Kiingereza ya 1611 humwita Mungu 'terrible', kwa maana ya mwenye kuogofya kwa ukuu wake, na wasomaji wa Kiingereza wa leo hulazimika kuelezwa. Mluo hakuhitaji kuelezwa. Neno la porini lilikuwa tayari na uzito huo: lilibeba woga na heshima kwa pamoja.

Kulikuwa na neno la pili pia, na hilo lina mwenyewe. Katika Kanyamwa, sehemu za Ndhiwa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, aliishi mganga na kiongozi aliyeitwa Gor. Watu walimwongezea jina la Mahia, na mahia kwa Dholuo ni miujiza, mambo ya ajabu yanayopita uwezo wa mtu wa kawaida. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijigeuza: aliyemwendea kwa ubaya alimkuta mzee mkongwe, akigeuka kidogo akamkuta mtoto. Masimulizi hayo yanasemwa hadi leo, na mimi sioni sababu ya kuyapima kwa mizani ya mahakama. Yanaeleza jinsi watu walivyomtazama. Mwaka 1968, tarehe 17 Februari, klabu ya kandanda ilipoundwa kwa kuunganisha timu za Waluo, ilipewa jina lake. Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka huohuo wa kwanza, na mwaka 1987 ikaleta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika baada ya kutoka sare 2-2 na Esperance kule Tunis, kisha 1-1 jijini Nairobi. Maelfu walioimba jina hilo uwanjani walikuwa wakitamka neno la Kanyamwa, pengine bila kujua maana yake.

Hivyo Nyanza Kusini ya 1969 ilikuwa na akiba kubwa ya maneno. Na mwaka huo ulianza vibaya. Tarehe 29 Januari Argwings-Kodhek, wakili mashuhuri aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alifariki Nairobi katika tukio lililotajwa kuwa ajali ya barabarani. Minong'ono ilikuwa haijatulia Julai ilipofika.

Tom Mboya alikuwa mtu wa Rusinga, ingawa hakuzaliwa kisiwani. Baba yake, Leonardus Ndiege, alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, na ndiko mtoto alikozaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Kwao hasa ni kwa Abasuba wa ziwani, watu ambao kwa muda mrefu wameishi na Waluo hadi Dholuo kikawa lugha yao ya kila siku. Alisoma Yala, akasoma Mang'u katika shule ya mapadri iliyoitwa Holy Ghost College, Chuo cha Roho Mtakatifu. Nilipoliona jina hilo nilisimama kidogo, kwa kuwa 'ghost' hiyo ndiyo iliyojificha ndani ya 'aghast'. Alihitimu kuwa mkaguzi wa afya, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Nairobi, akimshinda Argwings-Kodhek huyohuyo. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote jijini Accra, akiwa na umri wa miaka 28. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi za masomo Marekani iliondoka na vijana 81. Mwaka 1969 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na katibu mkuu wa chama tawala cha KANU.

Jumamosi tarehe 5 Julai alirudi Nairobi kutoka mkutanoni Addis Ababa. Kabla ya chakula cha mchana alipitia duka la dawa la Chhani katika Barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Maduka yalikuwa yanakaribia kufungwa. Alinunua chupa ya mafuta ya kujipaka, akaagana na wenyeji, akatoka. Ilikuwa kama saa saba mchana. Milio miwili ikasikika, naye akaanguka mlangoni. Alipofikishwa Hospitali ya Nairobi hapakuwa na la kufanya tena. Alikuwa na miaka 38.

Ninataka kukaa kidogo na masaa yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yaliyomo ndani ya lile neno moja la mwanafunzi wangu. Nairobi na Rusinga zilikuwa mbali kuliko zilivyo leo. Hapakuwa na njia ya gari ya kuingia kisiwani. Tuta la kukiunganisha na Mbita lilijengwa miaka ya 1980, na daraja lililochukua nafasi yake ni la juzijuzi. Mwaka 1969 kati ya kisiwa na nchi kavu palikuwa na maji, na aliyetaka kuvuka alivuka kwa chombo. Lakini redio haikuhitaji chombo. Habari ilitangazwa siku hiyohiyo, na mwenye redio ndiye aliyebeba mzigo wa kuwa wa kwanza kujua. Yeye ndiye aliyepigwa na butwaa. Wengine hawakuisikia redio, walisikia nduru. Anayesikia nduru hajui bado nani amekufa. Anajua tu kwamba jambo limetokea, na tayari anakimbia kuelekea sauti inakotoka huku akihesabu moyoni watu wake. Katika Kiingereza huyo wa redio na huyo wa nduru wote ni 'aghast'. Kwangu mimi ni watu wawili walio katika hali mbili mbalimbali, na tafsiri inayowatia ndani ya neno moja imempoteza mmoja wao.

Siku tatu baadaye, tarehe 8, ibada ya wafu ilifanyika katika Kanisa Kuu la Holy Family jijini Nairobi. Umati ulijaa nje hadi barabarani. Rais Kenyatta alipofika gari lake lilirushiwa mawe, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, na moshi wake ukawafikia waombolezaji. Hapo mshtuko ulikuwa umeshageuka hasira, na ni mgeuko ambao kamusi hazina njia ya kuuonyesha. Kisha msafara wa magari ukauchukua mwili kuelekea Nyanza, watu wakiusubiri kando ya barabara, hadi ziwani, na jeneza likavushwa maji kuingia Rusinga.

Katika desturi ya Waluo mauti hayaachwi yajiendee. Mwanamume mtu mzima anapofariki hufanyika tero buru: wanaume hukusanya ng'ombe, hushika mikuki na ngao na marungu, hupiga kelele na kukimbia, wakilifukuza lile lililoingia nyumbani mpaka nje ya makazi, kuelekea pori. Vumbi hupanda, kengele za ng'ombe hulia, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni vita. Nasema ni vita kweli. Mwingereza wa kale aliyetokewa na mzuka alibaki ameganda, na lugha yake ikamtungia sifa ya kuganda huko. Mluo aliyetokewa alichukua mkuki na kuurudisha mzuka thim, kwenye pori la kutisha, kulekule ambako jina la Thimlich linatuambia mambo ya kutisha ndiko yanakokaa.

Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akashtakiwa, na Septemba akahukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Inakumbukwa kwamba aliuliza kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Mkubwa huyo hakutajwa kamwe. Viapo vililiwa Gatundu, nyumbani kwa Rais, miezi hiyo, na nchi ikagawanyika. Tarehe 25 Oktoba Rais alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Yalitupwa maneno kati yake na Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wakapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Butwaa ya Julai haikupata hata muda wa kuwa kihoro kabla ya nduru nyingine kupigwa.

Kaburi la Mboya liko Kamasengre, Rusinga, ndani ya jumba la kumbukumbu lililojengwa kwa umbo la risasi. Nimelizunguka nikitafuta maneno, kama kawaida yangu, na nikaona kwamba mjenzi alifanya jambo ambalo Dholuo hulifanya: sifa aliiweka kwenye kitu chenyewe, si kwa watu walioumizwa nacho. Risasi imesimama pale juani, mchana kutwa, mbele ya ziwa.

Niliporudi shuleni niliichukua ile karatasi ya mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimekaa nayo wiki mbili na alikuwa ameshaniuliza mara mbili, 'Mwalimu, bado?' Sikulikata neno lake kwa wino mwekundu. Nilimwita, nikamwambia asome sentensi yake kwa sauti, kisha nikamuuliza ni nani hasa aliyeshangaa: aliyekuwa na redio, au aliyekuwa shambani? Alifikiri. Akasema hajui, hadithi ya Kiingereza haikusema. Nikamwambia aamue yeye. Aliinama juu ya daftari muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akafuta mara moja, akaandika tena, akanisogezea. Ilisema: Mwenye redio alipigwa na butwaa, na kabla hajapata la kusema mkewe alikuwa ameshapiga nduru, kwa maana habari hiyo ilikuwa lich.

Nilimuuliza kama ataliacha neno la mwisho vilevile, katika mtihani wa Kiswahili. Akasema ndiyo.

Nililiacha.